Masoko Yanasomewa Tudor, Yanafanywa Biashara Street

Katika nyumba nyingi za Kibokoni na Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, kijana akitangaza kwamba amepata nafasi ya chuo kikuu kusomea udaktari, hupigiwa vigelegele. Akitaja uhandisi, hupewa mkono na kuombewa dua. Akisema anakwenda kusomea biashara, mkondo wa masoko, hapakosi ami mmoja atakayeweka finjani yake chini na kuuliza: miaka minne, kusomea kuuza?

Swali hilo halina mzaha ndani yake. Ami huyo babake aliuza vitambaa, babu yake alingoja tende na mazulia yashushwe majahazini katika bandari ya kale, naye mwenyewe ana duka lililosomesha watoto wake wote. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefundishwa darasani namna ya kumkaribisha mteja. Kwake yeye, kumlipia kijana karo ajifunze uuzaji ni sawa na kumlipia mvuvi ajifunze kuogelea.

Ninaona swali lake linastahili jibu bora kuliko lile tulilozoea la "siku hizi mambo yamebadilika". Jibu langu ni kwamba chuo kina kitu ambacho duka halina, na duka lina kitu ambacho chuo hakina, na ajabu ya Mombasa ni kuwa viwili hivyo vimekaa kisiwa kimoja, mwendo mfupi wa tuktuk, na bado haviamkiani.

Tuanze na kinachosomwa. Aliyepata C+ na kuendelea katika mtihani wa KCSE ana ruhusa ya kuomba shahada, na ya biashara kwa kawaida ni ya miaka minne. Wanaokuja wakidhani watafundishwa matangazo tangu siku ya kwanza hushtuka. Mwaka wa kwanza ni uhasibu, uchumi, hisabati za biashara, sheria na kompyuta, na hapo ndipo wengi wanapoonja sapu, mtihani wa marudio, yao ya kwanza. Masoko yenyewe huingia polepole: misingi kwanza, kisha tabia ya mnunuzi, utafiti wa soko, usimamizi wa chapa, uuzaji wa huduma, masoko ya kimataifa, na siku hizi masoko ya mtandaoni. Katikati huwa na mafunzo ya kazini, ambayo wanafunzi huyaita atachimenti, na mwishoni kuna projekti, utafiti ambao mwanafunzi anaufanya na kuuandika mwenyewe. Hiyo projekti ndiyo hasa iliyonisukuma kuandika, na nitaifikia.

Elimu hii haina umri mkubwa. Mojawapo ya kozi za kwanza za masoko zilizojulikana ilifundishwa mwaka 1905 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Ule utaratibu wa mambo manne ambao kila mwanafunzi anaweza kuukariri usingizini, yaani bidhaa, bei, mahali na utangazaji, uliandikwa na E. Jerome McCarthy katika kitabu chake cha mwaka 1960. Mwaka 1967 Philip Kotler akatoa kitabu kilichokuja kuwa msahafu wa somo hili duniani kote. Mifano ya vitabu hivyo ni magari, sabuni na soda za Marekani. Mhadhiri akitaka mfano wa nyumbani huutaja ule wa M-Pesa, iliyoanza Machi 2007 kwa ujumbe mwepesi wa kutuma pesa nyumbani. Mfano huo ni mzuri, lakini umetumika hadi umechakaa.

Na chuo chenyewe kina historia ambayo wanafunzi wake wengi hupita mbele yake bila kuitazama. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, TUM, pale Tudor, kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyofikiriwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya watu kama Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na jamii ya Mabohora, pamoja na fedha za serikali ya kikoloni. Ilianza kupokea wanafunzi mwaka 1951, na mkazo ulikuwa ufundi: umeme, mitambo, useremala, ubaharia. Nadhani waanzilishi walikuwa na fikra ileile ya ami yetu, kwamba uuzaji ni kitu mtu anachokinyonya nyumbani, wala hakuna haja ya kukijengea darasa. Mwaka 1966 milango ilifunguliwa kwa Wakenya wa dini zote na jina likawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, 2007 chuo kikuu kishiriki, na 2013 chuo kikuu kamili, mwaka uleule ambao Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi kilipata hati yake. Kabla ya hapo Pwani haikuwa na chuo kikuu cha umma chenye hati yake yenyewe. Ukiacha matawi ya vyuo vya bara yaliyofunguliwa mjini, aliyetaka shahada alipanda basi la Nairobi.

Kwa wale wanaokata tamaa kwa sababu ya matokeo, niongeze hili kwa pembeni. Karani mmoja kijana wa taasisi hiyo ya Tudor, mzaliwa wa Mombasa aliyepata daraja la tatu tu katika mtihani wa Cambridge, alikuwa Ali Mazrui. Alikwenda Huddersfield, Manchester, Columbia, kisha Oxford, akawa profesa anayejulikana dunia nzima. Amezikwa hapa hapa, karibu na Fort Jesus.

Sasa tuondoke Tudor, tushuke Digo Road hadi pale Biashara Street inapoingilia, ng'ambo tu ya Mji wa Kale na hatua chache kutoka Marikiti, soko lililosimama tangu 1914. Hapa ndipo penye leso. Maduka ni membamba na marefu, mali imepangwa hadi dari, na mwenye duka anajua kila doti imelala wapi bila kuandika popote. Mteja, mara nyingi mama na binti yake au mashoga wawili watatu, husimama mbele ya meza ya mbao. Muuzaji huvuta doti moja na kuifungua kwa mkupuo mmoja wa mikono, rangi zikatanda mezani. Jicho la kwanza linakwenda kwenye pindo na mji, yaani mchoro wa katikati. La pili, na ndilo linaloamua, linakwenda kwenye jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake. Litasomwa kwa sauti, mtu atacheka, mwingine atasema hii nitamvalia fulani. Hapo mauzo yamekwisha kufanyika, bado bei tu. Akishalipa, doti hupelekwa kwa fundi mwenye cherehani barazani aikate katikati, maana leso huuzwa vipande viwili vilivyoshikana, na kupinda ncha.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyetoka kusoma mambo manne ya McCarthy, akisimama hapo nusu saa tu, ataona kitabu kikianza kuyumba. Kitabu kinatenganisha bidhaa na tangazo lake. Kwenye leso, tangazo limechapishwa ndani ya bidhaa. Anayeivaa anaitangaza njia nzima kutoka Marikiti hadi Makadara, na jirani atakayesoma jina lile mgongoni atataka kujua limepatikana duka gani. Tena ujumbe ule hautoki kwa muuzaji kwenda kwa mteja tu. Mteja anaununua ili aupeleke kwa mtu wa tatu: mumewe, mamake, mke mwenziwe, jirani aliyemsengenya. Sijaona sura ya kitabu inayoieleza vizuri bidhaa ya namna hiyo, na ninaamini sura hiyo ingeweza kuandikwa na mtoto wa hapa.

Chapa nayo? Wanafunzi hufundishwa kwamba chapa ni ahadi inayokumbukwa. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ilianzishwa Mombasa mwaka 1887, na leso zake zimebeba maneno "Mali ya Abdulla", Abdulla likiwa jina ambalo watu walimjua nalo mwenyewe Kaderdina. Inasemekana ndiye aliyeanzisha mtindo wa kutia maandishi kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kilatini. Yaani karibu zama zilezile Pennsylvania ilipofungua darasa la masoko, kulikuwa na mfanyabiashara hapa Mombasa anayejenga chapa kwenye kitambaa. Nyanya zetu walitazama maneno yale kwanza kabla ya kutazama bei.

Bei ina mambo yake. Kitabu huichukulia kuwa namba iliyobandikwa. Biashara Street namba ya kwanza ni mlango wa mazungumzo. Mama atauliza mwisho ngapi, muuzaji atasema wewe sema yako, na katika dakika tatu zinazofuata muuzaji amekwisha kujua anatoka wapi, ananunulia arusi au matumizi ya nyumbani, ana haraka au hana, na atarudi au harudi tena. Huo ni utafiti wa soko. Kampuni kubwa hulipa pesa nyingi kupata habari hizo kwa hojaji. Mteja wa kwanza wa asubuhi naye haachwi kirahisi aondoke mikono mitupu, hata ikibidi faida ikonde. Na kuna ile bei ya tatu, ya mgeni mwenye kamera shingoni kule Ndia Kuu, ndani ya Mji wa Kale. Wenyeji huicheka. Mimi naona ni tatizo. Mji wa Kale una Fort Jesus iliyoanza kujengwa 1593 na kutiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Mgeni aliyetozwa mara tatu ya bei atayaandika hayo kwenye simu yake usiku uleule akiwa hotelini, na atakayeumia ni mwenye duka la jirani aliyekuwa mwaminifu. Mwanafunzi wa masoko anayo maneno na hesabu za kumweleza mwenye duka hilo jambo bila kumtukana.

Hapo sasa ndipo upande wa pili wa jibu langu unapoanza. Nimelisifu duka, lakini duka nalo lina upofu wake.

Upofu wa kwanza ni kalenda. Kila mfanyabiashara wa leso, kanzu, mabuyu na halwa anajua kwamba mwaka wake unasimama juu ya Ramadhani na Idi. Anajua pia kwamba Hijria hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka ukilinganisha na kalenda ya serikali. Lakini anapokwenda benki kuomba mkopo, benki inamuuliza mauzo ya mwezi kwa mwezi. Mwaka 2024 Idi ilikuwa karibu na tarehe 10 Aprili, kwa hiyo pilikapilika za siku za mwisho ziliingia ndani ya Aprili. Mwaka 2025 Idi ilikuja mwishoni mwa Machi, na pilikapilika zote zikamalizikia Machi. Afisa wa benki akilinganisha Aprili na Aprili ataona biashara imeporomoka. Akilinganisha Machi na Machi ataona imeshamiri. Yote mawili ni uongo. Anayetakiwa hapo ni mtu wa kukaa na kuzipanga hesabu kwa wiki, akihesabu wiki ngapi kabla ya Idi na ngapi baada yake, miaka mitatu minne mfululizo. Hisabati zake ni za mwaka wa kwanza. Mwenye duka hana muda nazo na mwenye benki hana habari.

Upofu wa pili ni mali iliyolala. Mzee wa duka anapenda faida nono, na hilo si aibu. Lakini tuseme amenunua korja tano, doti 100, kwa shilingi 500 kila doti. Akishikilia bei ya 700 na mzigo ukamwishia baada ya miezi sita, kwa mwaka atauzungusha mara mbili na kupata 40,000. Akiuza kwa 600 na mzigo ukaisha kila baada ya miezi miwili, atauzungusha mara sita na kupata 60,000 kwa mtaji uleule. Namba hizi ni za mfano tu, na duka halisi lina kodi ya nyumba, mishahara na wateja waliokopa. Wengi wa wafanyabiashara wanajua jambo hili kwa hisia. Wachache wanalijua kwa doti: jina gani liliisha kwa wiki mbili, jina gani limekaa kwenye shubaka tangu Idi ya mwaka juzi likipauka mkunjo.

Habari hizo zipo, tena nyingi kuliko zamani. Tangu wateja walipozoea kulipa kwa till ya M-Pesa, kila duka lina kumbukumbu ya mauzo yake kwa saa na dakika, ingawa haitaji ni leso gani iliyouzwa. Ziada ya kujua jina la leso inahitaji kalamu na daftari moja tu. Mwanafunzi akiketi dukani wiki mbili akaandika watu wangapi walipita mlangoni, wangapi waliingia, wangapi walifunguliwa doti na wangapi walilipa, atampa mwenye duka kitu ambacho hajawahi kukiona. Ikiwa wengi wanapita bila kuingia, shida iko mlangoni. Ikiwa wanaingia na kufunguliwa doti kumi kisha wakatoka, shida iko kwenye mali au bei. Mzee anaweza kuwa anahisi hivyo miaka yote. Kuandikwa ni jambo jingine, kwa sababu kilichoandikwa kinaweza kuachiwa mtoto atakayeshika duka.

Upofu wa tatu ni sheria. Mtindo mpya wa leso ukipendwa, haupiti muda mrefu kabla ya kuigwa na kuingia sokoni kwa kitambaa chepesi na bei ya chini. Wafanyabiashara hunung'unika barazani, na mambo huishia hapo. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inaruhusu mchoro mpya kusajiliwa na kulindwa kwa miaka 5, na kuongezwa mara mbili, miaka 5 kila mara, hadi 15. Kesi ni ndefu na wakili ni ghali, silikatai. Lakini asiyesajili hana hata pa kuanzia, na habari hii mwanafunzi huisoma katika somo la sheria za biashara, huijibu kwenye mtihani, kisha huisahau.

Simu imeleta sheria nyingine ambayo Mji wa Kale unaihitaji zaidi kuliko mitaa mingi. Vijana wa masoko hupewa kazi ya kuendesha kurasa za Instagram na TikTok za maduka, na njia rahisi kuliko zote ni kumpiga picha mteja akijaribu mtandio au akicheka na leso mabegani. Mtaa huu una mabuibui na una haya zake, na kina mama wengi hawataki sura zao zizunguke kwenye simu za watu. Tena hapa desturi na sheria zimekutana. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mwenye sura. Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza klabu moja ya Nairobi Sh1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ruhusa yake, na shule moja Sh4,550,000 kwa picha za watoto zilizotumika bila idhini ya wazazi. Faini kama hiyo ingefunga duka la leso. Kuna maduka hapa yaliyopata njia ya heshima: wanapiga picha mikono ikifungua doti, jina likisomeka, bila uso wa mtu. Picha hizo zinauza. Wala hazikutoka katika kitabu chochote cha Marekani.

Tutoke kidogo kwenye leso. Muuza kahawa wa jioni, dele la shaba mkononi, hagongi mlango wa mtu wala hapigi kelele. Anagonganisha finjani zake na mtaa mzima unajua amefika. Yule wa mabuyu amebadilika mbele ya macho yetu: yaliyokuwa yakifungwa kwenye karatasi ya gazeti sasa yana kopo, lebo na namba ya simu, na yanasafirishwa kwa basi hadi Nairobi. Ni nani aliyemwambia aweke lebo? Mara nyingi ni binti wa nyumbani aliyekuwa chuoni. Mambo hayo yanafanyika kimyakimya, na hayaingii katika projekti ya mtu.

Na hapo ndipo penye lawama yangu. Ukizungumza na wanafunzi wa mwaka wa nne kuhusu projekti, mada zinafanana mno: athari za matangazo kwa mauzo ya benki fulani, athari za ubora wa huduma kwa uaminifu wa wateja wa kampuni fulani ya simu. Hojaji ni ileile ya kuweka alama kutoka moja hadi tano, tena kwa Kiingereza, hata inapopelekwa kwa watu wanaonunua na kuuza kwa Kiswahili kutwa nzima. Wengine hawafanyi hata hayo. Zipo saiba ambazo kwa malipo zitakuandikia projekti nzima, zikikubadilishia jina la kampuni tu. Mwanafunzi anapata alama, chuo kinapata mahafali, na kisiwa hakipati kitu. Umri wote huu wa biashara, na mhadhiri akitaka kesi iliyoandikwa vizuri kuhusu duka la Mombasa aifundishe Jumatatu, itambidi aitafute kwa tochi.

Sidhani ni uvivu wa vijana peke yake. Mada ya benki ina vitabu vya kunukuu, na msimamizi wa projekti anaipitisha haraka. Mada ya leso inahitaji kwenda, kukaa, kunywa kahawa, kurudi kesho, na kufukuzwa mara moja au mbili. Kwa sababu lazima tuseme ukweli, wenye maduka hawafungui. Mwanafunzi akija na barua ya chuo akiuliza mauzo, kinachofikiriwa kwanza ni kodi, cha pili ni mshindani. Atajibiwa kwa adabu zote, aje wiki ijayo, Haji amesafiri. Wiki ijayo Haji bado amesafiri.

Atachimenti nayo ina shida yake. Mwanafunzi wa masoko akienda kufanya mafunzo katika kampuni kubwa, mara nyingi hupewa fulana, fomu na tageti. Akifungua akaunti kadhaa kwa wiki, amefaulu. Akimaliza shahada, kazi ya kwanza inayomngojea ni hiyohiyo, ya komisheni, juani, akizunguka Mwembe Tayari na Marikiti akiwaomba wafanyabiashara wajiunge na bima au wachukue mkopo. Haina aibu, na inamfundisha mtu kuvumilia kukataliwa. Lakini inachekesha kidogo kwamba kijana aliyekataa kukaa dukani kwa ami yake kwa sababu ana shahada, anarudi mlangoni mwa duka lilelile akiwa na begi, akiomba dakika mbili za ami huyo.

Kwa hiyo, ami, miaka minne hiyo hakuna anayesomea kuuza. Kuuza atajifunza kwako, na kwako atajifunza vizuri zaidi. Anasomea kuhesabu unachokihisi, kuandika unachokikumbuka, kujua sheria inayokulinda na ile inayoweza kukufunga, na kukisoma kitabu cha Kotler huku akijua kinapomfaa na kinapomwacha njiani. Kama chuo hakimfundishi hayo, basi dai lako ni la haki, na ulipeleke Tudor.

Wahadhiri wa masoko wa kisiwani, ombi ni dogo. Muhula ujao kataeni projekti tano za benki na mzibadilishe na tano za Biashara Street, Marikiti na Ndia Kuu, na hojaji ziruhusiwe kuwa za Kiswahili. Zilizo bora ziwekwe maktaba ambapo mwanafunzi wa mwaka wa pili atazifikia. Nanyi wenye maduka, mwanafunzi akija na barua ya chuo, hakuna anayewataka mumwonyeshe vitabu vya hesabu siku ya kwanza. Mpeni kiti na daftari, mwacheni ahesabu wanaoingia na wanaotoka hadi Ijumaa, kisha mumuulize ameona nini.